Vita vya Mapema Dhidi ya Majirani katika Civilization VI: Tathmini ya Mchezo wa Wachezaji Wengi

Nimecheza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa zamu kwa zamu ambao kila mchezaji hujenga himaya yake juu ya ramani ya vigae, na binadamu wenzangu kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapoulizwa kama mchezo huu unafaa kununuliwa kwa ajili ya kucheza mtandaoni, jibu langu huanzia mahali pamoja: zamu hamsini za kwanza, pale mpelelezi wako anapopanda kilima na kuona mpaka wa rangi usiyoijua, ukatambua kwamba mji mkuu wa mtu mwingine uko vigae tisa tu kutoka kwako. Tangu hapo kila kitu unachojenga kinakuwa jibu la swali moja, nalo ni kama jirani huyo utapigana naye au utaishi naye. Mchezo ulitengenezwa na studio ya Firaxis ukatolewa tarehe 21 Oktoba 2016, kisha ukaongezewa Rise and Fall mwaka 2018 na Gathering Storm mwaka 2019. Ninayotathmini hapa ni toleo lenye nyongeza zote mbili, na ingawa Civilization VII ilitoka Februari 2025, kwa vita vya mapema bado narudi kwenye hili.

Mtu aliyecheza peke yake dhidi ya kompyuta hawezi kuujua upande huu wa mchezo hata kidogo. Kompyuta huhesabu malalamiko: ukivamia mji, kila kiongozi anayesimamiwa na mashine anaandika deni lako na kukununia kwa kiasi kinachojulikana. Vikosi vyake huzungukazunguka mbele ya kuta zako hadi vinaisha kimoja kimoja. Binadamu hafanyi hivyo. Akiona wapiganaji wako wawili wamesimama kando ya mpaka wake wakielekea kwake, hasubiri tangazo la vita. Anaacha kutengeneza mlowezi, yaani kikosi kinachoanzisha mji mpya, anaanza kutengeneza wapiga upinde, na anamwandikia jirani wa tatu ujumbe ambao wewe hutausoma kamwe. Kwa hiyo vita vya mapema kati ya watu halisi huamuliwa kabla ya mshale wa kwanza, na sifa kubwa ya mchezo huu ni kwamba kanuni zake zinampa kila upande nafasi ya kweli ya kuhesabu.

Tuanze na bei, kwa sababu wageni wengi wa mchezo huipuuza. Kwa mwendo wa kawaida wa mchezo, mpiganaji hugharimu alama 40 za uzalishaji na mpiga upinde 60. Jeshi dogo linaloweza kutishia mji, yaani wapiga upinde wanne na wapiganaji wawili, linakula alama 320. Mlowezi wa kwanza hugharimu 80, na kila anayefuata huongezeka kwa 30, hivyo walowezi watatu ni 330. Hesabu hiyo inasema jambo zito: jeshi la kumvamia jirani lina thamani sawa na miji mitatu mipya, na iwapo vita haitaleta mji hata mmoja, umejipunguzia himaya kwa mikono yako mwenyewe. Jirani yako naye, aliyelazimika kutengeneza askari wa kujilinda, amepungukiwa vivyo hivyo. Anayefaidika ni mtu wa tatu upande wa pili wa ramani, ambaye muda huo wote alikuwa akipanda mashamba na kueneza walowezi bila kusumbuliwa na mtu. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Sijaona mahali ambapo methali hiyo inadhihirika wazi kama katika mchezo wa watu sita ambamo wawili waligombana mapema.

Ipo njia ya kupunguza bei hiyo, na mchezaji mzoefu huitumia bila kufikiri. Mpiga teo hugharimu 35 tu, na akiua kikosi chochote, hata kile cha washenzi wanaozurura, utafiti wa upinde hupata msukumo unaoukatia asilimia 40 ya kazi. Unatengeneza wapiga teo watatu au wanne, unaweka akiba ya dhahabu, na utafiti ukikamilika unawapandisha daraja wote kuwa wapiga upinde kwa zamu moja. Jirani aliyechungulia zamu iliyopita aliona watu wenye mawe; zamu hii anaona mishale inayofika vigae viwili. Ukiongeza sera ya Agoge, ambayo hukuza kwa nusu nzima uzalishaji wa askari wa miguu na wa mishale wa enzi mbili za kwanza, bei ya vita inashuka kiasi cha kuanza kuvutia. Bado si rahisi, na napenda kwamba si rahisi.

Kiini cha vita vya mapema, hata hivyo, ni kuta. Mji usio na kuta katika mchezo huu haurushi chochote. Una alama 200 za uhai, hujiponya alama 20 kila zamu usipozingirwa, na nguvu yake hutokana na askari bora aliyewahi kutengenezwa na mwenye mji, ikipunguzwa kumi. Mji wenye kuta ni kitu kingine kabisa. Kuta za kale hugharimu alama 80, huleta ngao ya alama 100 juu ya uhai wa mji, hupunguza madhara ya askari wa miguu hadi kiasi kidogo mno, na huupa mji uwezo wa kurusha mishale vigae viwili kila zamu bila gharama. Kuta hizo hazinunuliki kwa dhahabu, sharti zijengwe. Na hapa wabunifu walifanya jambo ninalolihesabu kuwa la busara sana: utafiti wa uashi, ule ule unaomruhusu jirani kujenga kuta, ndio unaomruhusu mshambuliaji kutengeneza gogo la kubomolea kuta. Pande zote mbili zinakimbilia mlango mmoja. Anayefika mapema na kuamua haraka ndiye anayepata matunda yake.

Niruhusu nieleze vita moja kwa karibu, kwa kuwa ilinifundisha kuliko miongozo yote niliyosoma. Nilikuwa Nubia chini ya Amanitore, ambaye wapiga upinde wake wa Pitati wana nguvu ya mishale 30 badala ya 25 na hutembea hatua tatu badala ya mbili. Jirani alikuwa kusini, mji wake mkuu umekaa juu ya kilima, mto ukipita upande wangu na msitu mmoja mnene ukigusa mji kwa nyuma. Nilifika na Pitati wanne na wapiganaji wawili. Kwa zamu mbili mishale iliushusha mji kutoka uhai 200 hadi chini ya 70, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni gavana gani nimpeleke huko. Nyuma ya mji, katika kigae cha msitu, alisimama mjenzi wake mmoja. Mpiganaji wangu wa kulia angeweza kumfikia na kumteka zamu ile ile. Nilimwacha, nikamtumia mpiganaji huyo kuushambulia mji kuvuka mto, akapoteza zaidi ya nusu ya uhai wake na kuudhuru mji kidogo sana.

Zamu iliyofuata msitu haukuwepo. Yule mjenzi alikuwa ameukata, na kwa kuwa kukata msitu humwaga uzalishaji wote papo hapo ndani ya mji, kuta zilizokuwa nusu njiani zilisimama kwa mkupuo mmoja. Ngao ya 100 ikaonekana juu ya uhai wa mji, mshale wa kwanza kutoka ukutani ukammaliza mpiganaji wangu aliyejeruhiwa, na askari wa mikuki akatokea langoni zamu mbili baadaye. Sikuwa na gogo. Nilipora mashamba mawili ili kuwaponya waliobaki, kwa maana kila shamba linaloporwa humrudishia mporaji alama 50 za uhai, kisha nikarudi nyumbani nikiwa na jeshi zima la mishale na mji uleule mmoja nilioanza nao. Jirani hakuwa na hasira. Aliniandikia tu, "Ndugu, ungemchukua mjenzi." Alisema kweli, na tangu siku hiyo kila ninapouzingira mji natazama kwanza misitu inayougusa na nani amesimama ndani yake.

Nimeieleza vita hiyo kwa urefu kwa sababu inaonyesha ubora wa mfumo huu wa mapigano. Hakuna bahati kubwa iliyoniangusha. Vikosi viwili vyenye nguvu sawa vikipigana, kila kimoja hupoteza takriban alama 30 kati ya 100. Tofauti ya nguvu kumi hugeuza hesabu hiyo kuwa kama 45 kwa dhaifu na 20 kwa mwenye nguvu. Sasa fikiria askari aliyejikita kilimani nyuma ya mto: kilima humpa nyongeza ya 3, mto humpa 5, na kukaa amejihami kwa zamu mbili humpa 6. Jumla yake ni 14, ambayo maana yake mpinzani wake mwenye silaha zilezile atamdhuru kwa alama kama 17 huku yeye mwenyewe akipoteza zaidi ya 50. Mchezo unakuonyesha makadirio haya kabla hujathibitisha shambulizi. Anayeshindwa hawezi kulaumu kete. Alipuuza ardhi, na ardhi ilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Ramani ya namna hii, ambapo kijito kimoja kinaweza kuokoa himaya, ndiyo inayonifanya niupende mchezo kwa dhati.

Nyongeza ya Rise and Fall iliongeza jambo jingine ambalo mwanzoni nililichukia na sasa naliona la lazima, nalo ni utiifu wa miji. Kila mji hupokea msukumo kutoka kwa watu wa miji iliyo ndani ya vigae tisa, na kadiri mji ulivyo mbali ndivyo msukumo unavyofifia. Ukiteka mji ulio mbali na kwako huku miji mingine mikubwa ya mpinzani ikiuzunguka, utauona ukichemka na hatimaye kuasi, hata kama umeweka askari ndani. Gavana husaidia, ila gavana mmoja hawezi kuushinda umati. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa vita vya mapema kanuni hii ina matokeo mazuri: inamzuia mchezaji mwenye vikosi vya kasi kuruka nusu ya ramani na kumwondoa mtu mchezoni katika dakika ya ishirini, na inayafanya mapigano kuwa ya jirani na jirani kweli. Ukitaka kushinda, chukua mji mkuu kwanza, kwa sababu ndio wenye watu wengi na ndio unaowavuta wengine. Vijiji vya pembeni vitakufuata.

Siwezi kusifu uwiano wa viongozi kwa kiasi hicho. Gilgamesh wa Sumeria anaweza kutengeneza magari ya vita yenye nguvu 30 tangu zamu ya kwanza, bila utafiti wowote, wakati mpiganaji wa kawaida ana nguvu 20, na hata askari wa mikuki, ambaye angepaswa kuwa dawa ya magari, hapati nyongeza yake dhidi yao. Waazteki wana wapiganaji wa tai wenye nguvu 28 ambao huweza kumgeuza adui anayeshindwa kuwa mjenzi, kwa hiyo kila ushindi mdogo unaweza kuwalipa mara mbili. Tomyris wa Waskithia hupewa mpanda farasi wa pili bure kila anapotengeneza mmoja wa farasi wepesi. Ukizaliwa kando ya mmoja wa hawa katika uwanda usio na vilima wala mto, nafasi yako ni finyu hata ukicheza vizuri. Wachezaji wa mashindano wamezoea kuondoa baadhi ya viongozi kabla ya mchezo kuanza, au kutumia moduli (marekebisho yaliyotengenezwa na wachezaji) ya Better Balanced Game inayojaribu kusawazisha mambo, na kwa kundi lolote linalokutana mara kwa mara napendekeza makubaliano ya namna hiyo yafanywe mapema, kabla mtu hajachagua.

Kasoro kubwa zaidi, nayo ndiyo inayoshusha alama zangu, iko kwenye saa. Michezo mingi ya mtandaoni huendeshwa kwa mwendo wa kasi uliotengwa kwa ajili hiyo, ambao hupunguza gharama za uzalishaji na utafiti kwa nusu ili mchezo uishe kwa siku moja. Hatua za askari hazibadiliki. Mpiganaji anayetembea vigae viwili kwa zamu anatembea vigae viwili vilevile, huku kuta zikijengwa kwa nusu ya muda na upinde ukitafitiwa kwa nusu ya zamu. Jirani aliye vigae kumi na tano mbali anakuwa hafikiki kabisa: jeshi linaloondoka likiwa la kisasa linawasili likiwa limepitwa na wakati. Kwa hiyo dirisha la vita vya mapema, ambalo kwa mwendo wa kawaida lina upana wa kuridhisha, linabaki kuwa ufa. Naelewa sababu ya mwendo huo, maana watu wana kazi na familia, lakini mtu anayenunua mchezo huu kwa ajili ya vita vya enzi za kale ajue kwamba ataupata uzuri wake wote katika mwendo wa kawaida tu.

Pili, zamu za pamoja. Wachezaji wote husogeza vikosi vyao kwa wakati mmoja, jambo ambalo wakati wa amani ni baraka kwa kuwa hakuna anayesubiri. Vita ikianza, kinachoamua si tena nani alifikiri vizuri, bali nani alibofya kwanza. Mshambuliaji anaweza kungoja sekunde za mwisho za zamu, akawasogeza wapanda farasi wake hadi ukingoni, kisha zamu mpya ilipofunguka tu akawasogeza tena na kushambulia kabla mwenzake hajapata hata nafasi ya kuona kilichotokea. Ni hatua mbili mfululizo ambazo kanuni za karatasini hazikukusudia. Ipo hali nyingine, ya zamu zinazobadilika, ambapo binadamu walio vitani hucheza kwa kupokezana huku wengine wakiendelea kwa pamoja. Hali hiyo ndiyo ya haki, nami naitumia kila ninapokuwa mwenyeji, ingawa huwafanya watu wenye amani wasubiri na kulalamika. Kundi lisilotaka kusubiri lina uhuru wa kuchagua hali ya zamu za pamoja, mradi likubaliane kwanza kuhusu uhalali wa hatua mbili mfululizo, na likubaliane kwa maneno yaliyo wazi.

Diplomasia kati ya watu nimeiacha mwisho kwa kuwa mchezo wenyewe unaisaidia kidogo tu. Malalamiko yanayohesabiwa na mfumo hayana uzito kwa binadamu. Anayekuogopa anakuogopa kwa sababu alikuona, wala si kwa sababu ya namba. Chombo kimoja tu kina nguvu ya kweli, nacho ni tangazo la urafiki: likisainiwa, mfumo unazuia kabisa pande hizo mbili kutangaziana vita hadi muda wake uishe. Kwa mtu anayepanga kumvamia jirani wa kusini, urafiki wa kaskazini uliosainiwa una thamani kuliko wapiga upinde wawili, kwa sababu unamruhusu kuondoa kila askari mpakani bila kutazama nyuma. Niliwahi kuteka mji mzuri wenye chuma na farasi, nikaupoteza zamu sita baadaye kwa mtu wa tatu ambaye sikuwa nimemwomba chochote. Hakuwa amevunja ahadi yoyote. Hakukuwa na ahadi.

Kwa wasio na saa nne mfululizo za kukaa, hali ya kucheza kupitia wingu imenishangaza kwa uzuri. Kila mchezaji hucheza zamu yake anapopata nafasi, mchezo ukihifadhiwa kwenye seva na kumsubiri anayefuata, hivyo tatizo la kubofya kwanza linatoweka na mwendo wa kawaida unawezekana tena. Ubaya wake ni kwamba vita ya zamu ishirini inaweza kuchukua majuma mengi, na mtu mmoja anayesafiri huwasimamisha wote. Mimi naona ni bei ya haki. Hivi sasa niko katika mchezo wa namna hiyo wa watu watano, nikiwa Nubia tena, na gogo langu la kubomolea limefika jana kwenye kigae cha tatu kutoka mji wa jirani. Kuna misitu miwili inayougusa mji huo, na wapiganaji wangu wawili wamesimama ndani yake.